Starlet ya zamani na moteri ya leo: namna ya kuibadilisha na namna ya kuishi nayo Lubumbashi

Siku ya kwanza nilipoipeleka Toyota Starlet yangu kutafuta filta ya oili pale Kenya (komini yetu, si nchi), kijana wa duka alichungulia nje, akaiona, akarudi ameshika filta ya 4K, moteri ya asili ya Starlet. Nikamwambia, «Hapana, mdogo wangu, nipe ya Avanza.» Akaitazama gari tena, akanitazama mimi, kama mtu aliyeombwa bukari (ugali) bila mboga. «Avanza iko wapi, papa?»

Swali lake ndilo nitakalolijibu hapa. Ukishafunga moteri ngeni, gari lako lina majina mawili. Breki na taa zinaitwa Starlet. Filta, mikanda na bujii (plagi) zinaitwa Avanza. Kufunga moteri kunachukua wiki kadhaa. Kukumbuka ni jina lipi la kutaja, kwa fundi gani na duka gani, ni kazi ya miaka yote utakayokuwa na gari hilo. Kwa hiyo kila uamuzi wa kufunga nitaupima kwa swali moja: je, mtu mwingine ataweza kulitengeneza likiharibika?

Gari lenyewe, na swali la kujiuliza kwanza

Ninazungumzia Starlet KP61, ya ukoo wa mwisho wa Starlet kuvuta kwa magurudumu ya nyuma. Ukoo huo ulianza mwaka 1978, ukaachwa 1984 ilipoingia EP70 inayovuta kwa mbele. Ina kilo 700 na ushee, usukani wa raki, ekseli ngumu nyuma, na mbele 4K ya sentimita za ujazo 1290 yenye kabureta na fimbo za kusukuma vali. Mwenye Corolla KE70 anaweza kunifuata karibu hatua zote, ila vipimo vyake atavichukua mwenyewe.

Kama 4K yako bado ina pumzi, ikarabati, uache makala hii hapa. Ni moteri inayofunguliwa chini ya mwembe kwa funguo tano. Kubadilisha kuna maana pale ambapo silinda zimekwisha na pistoni za saizi yako hazipatikani, au unasafiri mara kwa mara kwenda Likasi na umechoka kupitwa na malori ya shaba.

Hatua ya 1: bodi kabla ya moteri

Chukua bisibisi kuukuu, ulale chini ya gari. Choma sakafu miguuni, choma kingo za chini ya milango, kisha fungua boneti uangalie pale shokomzoba za mbele zinaposhikwa kwa juu. Bisibisi ikizama, tolie (fundi wa bodi) aingie kwanza. Nimeona mtu aliyefunga moteri safi kwenye bodi iliyooza, na baada ya msimu mmoja wa mvua milango ikawa haifungi.

Tazama pia usukani uko upande gani. Starlet zilizopitia Zambia zina usukani wa kulia, na upande huo ndiko kuna fimbo ya usukani na silinda kuu ya breki. Bomba la eksozi la moteri mpya likitokea upande uleule, utapigana na joto kila siku. Jambo hili linapimwa kwa futi kabla ya kutoa pesa.

Hatua ya 2: kuchagua moteri

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kuchagua kwa masikio. Wanasikia nguvu ya farasi, wanasahau moteri inakaaje ndani ya gari.

Kishawishi kikubwa mjini ni 1NZ-FE, ile ya sentimita za ujazo 1496 iliyo kwenye Ist, Vitz na Probox. Ni moteri nzuri, na piyese (vipuri) zake ziko kila kona. Lakini huko inalala kwa ubavu na kuvuta magurudumu ya mbele. Ukiigeuza itazame mbele unahitaji bwati (sanduku la gia) nyingine, sahani ya kuunganisha, karteri ya oili (beseni lake la chini) iliyokatwa upya na njia mpya za maji. Wenye karakana kamili wanaiweza. Mtu wa kawaida huishia na moteri juu ya matofali na gari linaloota nyasi na kuchezewa na watoto wa jirani.

Njia rahisi kuliko zote ni 7K-E, ya sentimita za ujazo 1781, kutoka LiteAce na TownAce za mizigo. Ni ndugu wa damu wa 4K: inakubali bwati za ukoo wa K, na inapuliziwa mafuta kwa kompyuta. Bloku yake ni ndefu kwenda juu kuliko 4K, kwa hiyo pima boneti na eksozi. Haina mbio, lakini ina mvuto kutoka chini. Kama fundi wako ni mmoja na mfuko ni mwembamba, chukua hii bila aibu.

Mimi nilichagua njia ya katikati: moteri ya kisasa ambayo tangu kiwandani imekaa kwa urefu na kuvuta nyuma. Ziko mbili za ukoo wa Daihatsu ambazo Toyota ilizitumia. K3-VE ya sentimita 1298 iko kwenye Avanza 1.3 na Cami. 3SZ-VE ya sentimita 1495 iko kwenye Avanza 1.5 na TownAce zilizoanza mwaka 2008. Zote zina vali 16, mnyororo badala ya mkanda wa taimingi, na koili juu ya kila bujii. K3-VE hutoa farasi 86 hadi 92 kulingana na toleo, na kwa gari la kilo 700 hizo si haba. Angalia mambo mawili. Cami ya magurudumu manne ina bwati yenye mgao wa kwenda mbele ambao huuhitaji. Na bwati ya gari la mizigo inaweza kuwa na mkono wa gia unaotokea mahali pasipolingana na kiti chako.

Hatua ya 3: kununua

Usinunue moteri peke yake. Nunua moteri, bwati, feso nzima ya waya (fungu lote, lisilokatwa), kompyuta yake ambayo mafundi wetu wanaiita kalkilateri, pedali ya gesi kama inatumia waya badala ya kebo, sensa ya oksijeni, na ufunguo wake pamoja na kitasa cha kuwashia. Ufunguo ndio watu wanaousahau. Magari mengi ya kisasa yana chipu ndani ya ufunguo, na kompyuta isiyoitambua chipu hiyo inakata mafuta au cheche. Muuzaji mmoja aliniapia kwamba «ufunguo si kitu, mafundi wanaruka». Waliruka wiki tatu.

Nusu gari, yaani sehemu yote ya mbele iliyokatwa, ni ghali zaidi lakini inakuja na kila skrubu. Moteri ikipita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kilomita 90 hivi kusini, hakikisha unapewa karatasi za forodha zenye nambari ya moteri. Nitazirudia chini.

Kabla ya kulipa, fungua kifuniko cha oili: uteute mweupe unaonyesha maji, tope jeusi linaonyesha uzembe. Pima kompresheni kwa kuazima betri na kuzungusha moteri kwa stata. Lubumbashi iko mita 1200 hivi juu ya bahari, na hewa yetu ni nyembamba kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kuliko pwani. Kwa hiyo kipimo chako kitakuwa chini ya kile cha kitabu hata kama moteri ni nzima. Unachotafuta ni usawa. Silinda tatu zikikaa kwenye bar 11 na moja kwenye 8, salimia uondoke.

Hatua ya 4: kuikalisha

Toa 4K na bwati yake, osha nafasi, piga picha kila waya uliochomoa. Kisha ingiza moteri mpya kwa winchi mara tatu au nne bila kufunga chochote. Jaribio la kwanza ni la karteri ya oili dhidi ya raki ya usukani na boriti ya mbele. Ikigusa, karteri inakatwa na kuchomelewa upya, na mdomo wa kunyonya oili unahamishwa uendane nayo, uache nafasi ndogo tu juu ya sakafu ya karteri. Ukikata karteri bila kuhamisha mdomo huo, kona kali ya kwanza itanyonya hewa.

Suporti za moteri zikate kwa bamba la milimita 5 au 6, lakini raba zake zinunue za gari linalopatikana mjini, kwa sababu ndizo zitakazochakaa. Hapa Lubumbashi tuna bahati ambayo miji mingine haina: wazee waliofundishwa kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, bado wanakereza vyuma kwa vipimo, na vijana waliojifunza kwao wana mashine zao. Mpelekee turneri (fundi wa kukereza) kigezo cha karatasi ngumu, na usimwambie «fanya kama hii hivi».

Moteri ikae na mwinamo mdogo kwenda nyuma. Pembe ya mdomo wa bwati na pembe ya mdomo wa difu zinatakiwa kulingana, ili viungo viwili vya kardani (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma) vifutiane mtikisiko. Kardani yenyewe itakatwa: kichwa cha mbele kinatoka kwa mfadhili (gari lililotoa moteri), kichwa cha nyuma kinabaki cha Starlet. Acha sentimita 2 za kuteleza ndani ya bwati, ichomelewe kwenye mashine ya kukereza, na isawazishwe. Kardani isiyosawazishwa utaisikia kuanzia kilomita 70 kwa saa, kama nyuki chini ya kiti. Difu ndogo ya Starlet itavumilia usipoachia klachi kwa ghafla taa ikiwaka kijani.

Hatua ya 5: mafuta

Pampu ya 4K inasukuma esanse (petroli) kwa nguvu ya pumzi tu. Moteri ya kupulizia inataka karibu bar 3. Mipira ya zamani na klipu za waya hazifai kabisa, na hapa sina mzaha, maana esanse ikivuja kwa bar 3 inatoka kama moshi mwembamba juu ya eksozi. Tumia mipira iliyoandikwa kwamba ni ya mfumo wa kupulizia. Jua kama mfadhili ana bomba la kurudisha mafuta au kidhibiti chake kiko ndani ya tangi, kwa sababu mabomba yako yanategemea hilo. Mimi nilitoboa tangi la Starlet (likiwa limeoshwa na kujazwa maji kwanza!) nikaweka pampu ya ndani. Pampu ya nje inapiga kelele na kufa mapema ikinyonya uchafu. Usafishe tangi mpaka litoe maji meupe. Kutu ya miaka 40 itaziba pua za kupulizia ndani ya wiki.

Hatua ya 6: waya

Sehemu hii ndiyo inayoamua kama una gari au una ugonjwa.

Usiunganishe feso mbili kuwa moja. Acha feso ya Starlet ifanye kazi za Starlet (taa, honi, vipangusio), na feso ya moteri isimame peke yake kama mgeni mwenye chumba chake. Mahali zinapokutana pawe pachache: umeme wa moja kwa moja kutoka betri, umeme wa kitasa, waya wa stata, na waya za taa za dashibodi. Kila mkutano upitie fyuzi na relei, na uwe kwenye kisanduku kimoja unachoweza kukifikia usiku kwa tochi ya simu.

Taa ya moteri, ile ya manjano, iweke kwenye dashibodi hata kama unaiona inaharibu sura. Tundu la kusomea hitilafu liweke chini ya usukani. Vitu hivyo viwili ndivyo vitakavyomwezesha fundi asiyekujua kukusaidia. Sensa ya mwendo ya bwati nayo iunganishwe na kompyuta, la sivyo moteri inaweza kuzimika ukifika kwenye makutano. Kipimo cha mwendo cha kebo hakitasoma tena. Wengine wanaweka cha umeme, mimi bado natazama simu.

Nisimulie masi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye bodi. Kwa wiki mbili gari langu lilikuwa linazimika kwenye barabara ya Kipushi, kila mara karibu na mahali palepale, mpaka tukaanza kuutania mwembe wa pale kwamba una wivu. Nilibadilisha pampu, koili, hata sensa ya kranki. Kumbe waya wa masi wa moteri ulifungwa juu ya rangi mpya ya tolie, na mashimo ya mahali pale yaliutikisa. Kwangura mpaka chuma king'ae, funga waya mnene kati ya moteri na bodi, mwingine kati ya bodi na betri, kisha paka grisi. Waya wa alternateri kwenda betri nao uubadilishe. Ule wa 1982 ulitengenezwa kwa mzigo mdogo.

Hatua ya 7: maji na joto

Kwa urefu wetu, maji yaliyo wazi yanachemka kwa nyuzi 96 hivi. Moteri ya kisasa inafanya kazi kati ya 85 na 95. Maana yake kinachokuokoa ni kofia ya radiateri (rejeta), ile yenye springi. Kofia yenye alama ya 0.9 (bar) ikiwa nzima inabana maji mpaka yapite nyuzi 110 kabla ya kuchemka. Ikiwa imechoka, huna akiba kabisa. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye gari. Nunua mbili.

 Weka radiateri ya safu mbili za mirija inayoingia kwenye nafasi ya ile ya Starlet, na feni ya umeme inayoamrishwa na kompyuta au swichi ya joto. Swichi ya mkono pekee utaisahau Oktoba saa nane mchana. Usitumie maji ya bomba matupu; kichwa cha aluminiamu kinaliwa kimyakimya. Wakati wa kujaza, inua pua ya gari kwenye mteremko, fungua hita, acha moteri ivume mpaka mapovu yaishe.

Filta ya hewa ivute mbele, mbali na eksozi, lakini isiwe chini sana. Vumbi letu jekundu la Julai na madimbwi ya Januari vyote vinatafuta mdomo huo.

Hatua ya 8: breki kabla ya kuwasha

Watu wanawasha kwanza, wanafurahi, wanatoka barabarani na breki za 4K. Badilisha mipira yote ya breki, silinda za magurudumu ya nyuma, na pedi. Kama gari lina buster (kisaidizi cha breki), bomba lake la kuvuta hewa liunganishwe na manifoldi mpya kwa vali yake ya upande mmoja. Pedali ikiwa ngumu kama jiwe, ujue umeikosa. Matairi yenye umri wa mtoto wa shule yatupwe.

Kisha washa. Kwanza toa fyuzi ya pampu, zungusha stata mpaka taa ya oili izime. Rudisha fyuzi, fungua kitasa bila kuzungusha, pitisha mkono na pua kwenye kila kiungo cha esanse, kizima moto kikiwa karibu. Baada ya kilomita 100 kaza upya suporti, kardani na eksozi. Baada ya 500 mwaga oili, maana hujui ilikaa muda gani bandarini.

Karatasi

Kama karte roze (kadi ya usajili) yako ina nambari ya moteri, nenda ukaibadilishe kabla polisi wa rulaji (trafiki) hajafungua boneti. Beba nakala ya karatasi za forodha na risiti ya ununuzi. Moteri isiyo na historia inafanana na ya wizi. Nambari ya shasi usiiguse, wala tolie asiipitishie putiini. Mweleze mtu wa asiransi (bima) ukweli kwa maandishi, kwa sababu siku ya ajali atatafuta sababu.

Daftari

Nunua daftari la shule lenye gamba gumu, liishi kwenye kisanduku cha mbele. Ukurasa wa kwanza una safu mbili: kitu, na gari kilikotoka. Filta ya oili: Avanza. Mkanda wa alternateri: urefu wake kwa milimita, maana puli zimehamishwa. Mpira wa juu wa radiateri: wa gari gani, umekatwa wapi. Raba za suporti. Msalaba wa mbele wa kardani, msalaba wa nyuma, navyo havifanani. Pedi za mbele: Starlet. Ukurasa wa pili ni mchoro wa kisanduku cha fyuzi kwa mkono wako, na rangi za waya.

Kwenye buti naweka mkanda mmoja, kofia ya radiateri, relei mbili, koili moja, lita tano za maji, na kipande cha mpira wa esanse chenye klipu zake. Ukurasa wa mwisho wa daftari una mistari michache tu, kwa yeyote atakayeketi kwenye usukani bila mimi: usimwambie muuzaji hii ni Starlet mpaka ujue unanunua nini, taa ya manjano ikiwaka unaweza kufika nyumbani, taa nyekundu ya oili ikiwaka zima hapohapo, hata kama uko katikati ya mzunguko, na mlango wa nyuma unafunguliwa kwa kuuinua kidogo kwanza.